Wimbo Ukae Muda Gani Kanisani?

Nawasalimu ninyi mliovuka Namanga, Mutukula na Rusumo ili tumshukuru Mungu pamoja.

Nina swali moja tu kwa viongozi wa sifa: wimbo ukishafundishwa, uimbwe muda gani kabla ya kuachwa?

Msijibu haraka. Nilikuwa kwenye mkesha wa msiba wa mama mmoja, mzee wetu katika imani. Saa nane usiku umeme ukakatika. Kibodi kimya, spika kimya, na simu ambazo vijana walisomea maneno zilikuwa zimeisha chaji. Wakaanza wimbo mpya, wakafika ubeti wa pili wakakwama. Wakaanza mwingine, wakakwama tena. Ndipo bibi mmoja akaanzisha pambio la zamani humo gizani, na nyumba nzima ikaitikia. Pambio hilo mimi mwenyewe nilikuwa nimeliondoa kwenye orodha ya ibada. Nililiona limechakaa.

Jamani, nani alikuwa amelichoka? Ni sisi wa kikundi! Tunaurudia wimbo mazoezini Jumanne na Jumamosi hata mara kumi, kabla kanisa halijausikia mara moja. Sisi tunapouchoka, mama muuza mboga ndiyo kwanza anashika kiitikio. Na ndugu yetu dereva wa lori, anayepata ibada mara moja kwa mwezi? Kwake kila wimbo ni mgeni. Anabaki kututazama tu.

Sisemi tukatae nyimbo mpya. Zaburi ya 96 inatuagiza tumwimbie Bwana wimbo mpya. Lakini soma pia Kumbukumbu la Torati 31: Musa aliagizwa auandike wimbo na kuwafundisha Israeli, nao usisahauliwe na uzao wao. Wa kuja uje, na wa kukaa ukae. Tukutendereza Yesu ulienea na uamsho wa miaka ya 1930 uliogusa Rwanda na Uganda. Jina lake ni la Kiganda, lakini hadi leo wasiojua Kiganda wanauimba. Wimbo huo hauulizwi pasipoti mpakani!

Basi fanya hivi. Fundisha wimbo mmoja mpya kwa mwezi, si minne. Uimbe Jumapili nne mfululizo, upumzishe mwezi mmoja, kisha uurudishe. Ukiurudisha, nyamazisha vyombo kwenye kiitikio. Kanisa likiendelea lenyewe, huo umekuwa wimbo wao; uimbwe kwa zamu miaka na miaka. Likinyamaza, rudia kufundisha. Ukirudia na bado haushiki, au maneno yake hayapatani na Neno, uache bila kinyongo, hata kama umeutunga wewe mwenyewe.

Na sisi wa mipakani, kila nchi ilete nyimbo tano ambazo hata watoto wanaziimba bila karatasi. Tufundishane, ili tukikutana tuimbe sote, si wenyeji peke yao.

Paulo na Sila waliimba usiku wa manane, miguu ikiwa kwenye mkatale, bila gitaa wala ngoma. Usiku kama huo unaweza kumfikia yeyote kati yetu, naye ataimba kile tu kilichokaa moyoni. Kiongozi wa sifa, umewaachia watu wako nini cha kuimba?