Mama Anaposimama Njiani Kuvuta Pumzi
(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Moshi)



Najua mkimwona mwelimishaji afya anaingia na maboksi yake mnajisemea, "Haya, leo tena ni UKIMWI na mimba." Mada hizo ni muhimu na tutazirudia. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya watu wanaotulipia ada, yaani baba na mama, na hasa juu ya mioyo yao.

Sababu ni barua niliyoipata kutoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu anayekaa bweni. Aliandika hivi: "Dada, nilipokwenda likizo niliona miguu ya mama imevimba. Usiku analala ameegemea mito mitatu. Nikimuuliza anasema ni uchovu wa shamba. Sasa darasani sisomi, nawaza tu kwamba siku nikiitwa ofisini itakuwa ni habari mbaya. Nifanye nini?"

Nilipoisoma barua hiyo nikajua hayuko peke yake. Huenda na wewe unayesoma una wasiwasi kama huo na hujamwambia mtu. Basi tuuchukue wasiwasi huo tuugeuze kuwa kazi.

MLIMA UNASEMA

Sisi tunaoishi huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro tuna kipimo ambacho watu wa tambarare hawana. Kipimo hicho ni njia ya kwenda nyumbani. Fikiria mama yako akitoka sokoni Mwika au Marangu. Mwaka juzi alikuwa anapanda mpaka nyumbani na mzigo kichwani bila kusimama. Mwaka jana alisimama mara moja. Mwaka huu anasimama mara tatu, hana hata mzigo, na anajifanya anasalimiana na watu ili apumue. Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo ya kuangalia. Uzee unapunguza nguvu, ndiyo, lakini unapunguza polepole. Mtu akibadilika ndani ya miezi michache, usiseme tu "ni uzee."

Moyo ni pampu. Pampu ikichoka, damu haisukumwi vizuri, maji yanabaki mwilini. Yakishuka, miguu inavimba, na ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Yakijaa kwenye mapafu, mtu anakosa pumzi akilala chali, anaongeza mito, au anashtuka usiku anatafuta hewa. Wengine wanakohoa usiku, watu wanasema ni baridi ya mlimani.

Lakini tusikimbilie kumpa mama ugonjwa. Miguu huvimba pia kwa matatizo ya figo, ini, mishipa, na hata kwa baadhi ya dawa. Kukosa pumzi kunaweza kuwa pumu, nimonia, kifua kikuu au upungufu wa damu. Wewe na mimi hatuwezi kujua kwa kumtazama. Kazi yako ni kuona na kusema. Kutaja ugonjwa ni kazi ya vipimo.

PRESHA HAIPIGI HODI

Kinachochosha mioyo ya wazazi wengi ni shinikizo la damu, lile tunaloliita presha. Utafiti uliofanyika hapa jirani wilayani Hai na kutolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya wazee kumi wa miaka 70 na kuendelea, saba walikuwa na presha ya juu. Saba, jamani! Na wengi walikuwa hawajui.

Kwa nini hawajui? Kwa sababu presha ya juu mara nyingi haiumi. Watu husubiri kichwa kiume ndipo wameze kidonge, kichwa kikipona wanaacha. Hapo ndipo tunapokosea. Presha inaweza kupanda miaka kumi bila kuuma popote, huku inaharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo. Siku ikijitangaza huja kama kiharusi: mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki, maneno hayatoki.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache na hakina sindano. Mzazi akae apumzike dakika tano, mkono uwe umeegemezwa, asiwe ametoka kuvuta sigara au kunywa kahawa muda si mrefu. Watasoma namba mbili. Zikifika 140 kwa 90 au zaidi, na zikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya juu. Zahanati nyingi zinaweza kupima. Akihitaji zaidi, atapelekwa hospitali kupimwa mkojo na sukari, umeme wa moyo, picha ya kifua, au ultrasaundi inayoonyesha moyo ukipiga. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kupasuliwa. Mwambie mzazi wako hivyo, maana wengine wanaogopa kitu ambacho hakipo.

KIFUA KIKIBANA, HESABU DAKIKA

Kuna jambo jingine ambalo halisubiri likizo wala siku ya kliniki, nalo ni shambulio la moyo. Hapa mshipa unaopeleka damu kwenye moyo wenyewe unaziba. Mtu husikia kifua kimebanwa kama amewekewa gunia la kahawa juu yake. Maumivu yanaweza kwenda mkono wa kushoto, shingoni, kwenye taya au mgongoni. Anatoka jasho la baridi, anasikia kichefuchefu, pumzi inakata. Kwa akina mama, wazee na wenye kisukari, maumivu yanaweza yasiwe makali, unaona tu amechoka ghafla, hapumui vizuri, au anasema "vidonda vya tumbo vimenianza."

Kwa muda mrefu watu walidhani haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri. Mwaka 2019 watafiti waliwapima watu wazima waliofika idara ya dharura pale KCMC wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na shambulio la moyo. Kwa hiyo ugonjwa upo hapa hapa kwetu.

Ikitokea nyumbani, fanya hivi:

1. Mkalishe, aegemee, legeza nguo. Asitembee kushuka mpaka barabarani hata akisema anaweza.

2. Tafuta gari. Bodaboda itumike kwenda kuliita gari. Mtu anayeweza kuzimia hafai kukaa nyuma ya pikipiki.

3. Usimpe dawa ya jirani wala kusubiri dawa ya tumbo "ifanye kazi." Nenda hospitali iliyo karibu: Kibosho, Machame, Kilema, Marangu, Huruma kule Rombo, Mawenzi au KCMC.

4. Kumbuka saa yalipoanza, na chukua dawa zake zote uzioneshe.

5. Akizimia na hapumui, mlaze chali sehemu ngumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

Jambo moja mlifanye leo, kabla ya hatari. Jueni ni nani hapo kijijini ana gari, na namba yake ya simu ibandikwe ukutani. Saa nane ya usiku si saa ya kuanza kuulizana.

UTAMWAMBIAJE MZEE?

Hapa ndipo wengi mnakwama. Kwetu mtoto hamwamuru mzazi. Ukimwambia baba "Wewe unaumwa, nenda hospitali," utajibiwa, "Umeanza lini kuwa daktari?"

Baba yangu mwenyewe ana miaka 67. Amelima kahawa tangu kijana, na alikuwa anajisifu kwamba hajawahi kulazwa. Niliposikia anahema akipanda kutoka mtoni, sikumwambia anaumwa. Nilimwambia, "Baba, kesho naomba unisindikize mjini, nina kazi pale, na ukiwa huko tupime presha sote wawili." Mimi nikapimwa kwanza. Yake ikasoma 178 kwa 104. Alinyamaza mpaka tulipofika nyumbani, kisha akasema, "Usimwambie mama yako." Nikamjibu, "Baba, mama ndiye anayepika." Akacheka. Leo anameza dawa kila siku, na mama ndiye anayemkumbusha.

Kwa hiyo omba, usiamuru. Msalimie, msubiri ale. Sema ulichokiona, siyo unachokiogopa: "Mama, nimeona miguu imevimba na unalala umekaa. Mimi sina amani shuleni." Mzazi anaweza kudharau mwili wake, lakini masomo ya mtoto wake hayadharau. Akikataa, tafuta anayemsikiliza: shangazi, mjomba, mchungaji au padri, dada mkubwa aliye Dar. Mwezi wa kumi na mbili, Wachagga wote wanaporudi nyumbani, ndio wakati wa ukoo kukaa na kupanga nani atalipia bima ya afya na nani atafuatilia kliniki. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilitamka kwamba wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Muulizeni mtendaji wa kijiji au ustawi wa jamii utaratibu wa sasa.

JIKONI NA DUKANI

Wewe unayesaidia kupika una nguvu kuliko unavyodhani. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, na kopo la chumvi liondoke mezani. Magadi tunayotia kwenye kiburu na maharage nayo yana sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi, hivyo yapunguzwe. Ndizi, mboga za majani na parachichi viongezwe. Mbege ni chakula cha sherehe, sawa, lakini ni pombe, na pombe nyingi inapandisha presha.

Na angalieni dawa za magoti. Wazee wengi hununua diklofenaki dukani na kuimeza miezi na miezi. Dawa hiyo inaweza kupandisha presha na kubakiza maji mwilini. Mzee mwenye presha au miguu inayovimba amwambie daktari kabla ya kuimeza.

NENO LA MWISHO

Kwa yule aliyeniandikia barua, na kwa wote wenye wasiwasi kama wake: ugonjwa wa mama haukuletwa na wewe, wala haukuja kwa sababu uko mbali shuleni. Huwezi kulinda pumzi zake ukiwa bwenini kwa kukosa usingizi. Mwambie matroni au mwalimu unayemwamini, omba kupiga simu nyumbani, uliza swali moja tu: "Mama, umepimwa lini?" Kisha soma. Kama hajapimwa, mpe siku, na muombe mtu mmoja wa nyumbani amsindikize. Miguu iliyovimba pamoja na kulala umekaa si ya kusubiri likizo ijayo. Aende wiki hii.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Likizo hii, kila mmoja wenu arudi shuleni na namba mbili za presha za baba na mbili za mama, zimeandikwa nyuma ya daftari. Nitakuja kuuliza.