PIKIPIKI NDANI YA PLOTI: ULINZI NI KAZI YETU SOTE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Nairobi)



Nimeombwa niseme juu ya wizi wa pikipiki mahali tunapolala. Wizi wa barabarani ni habari nyingine. Leo nasema juu ya ile nafasi iliyo chini ya ghorofa, inayotumiwa na wapangaji wote, katika mitaa kama Pipeline, Kayole na Githurai.

Pikipiki ni jembe la mwenye kuiendesha. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi 250 cc mwaka 2008, watu wengi wamepata riziki kwa chombo hiki, na wengi wamekinunua kwa mkopo. Kikiibwa usiku, asubuhi kazi imekwisha, lakini deni halikuibwa. Tuseme mtu hulipa shilingi 400 kila siku na zimebaki siku 150. Hizo ni shilingi 60,000, naye atazitafuta kwa miguu. Tena, ile bima ya lazima ya Sura ya 405 ni kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa barabarani. Haimlipi mwenye pikipiki iliyoibwa. Basi kila mtu aulize bima yake ni ya namna gani kabla hajalala usingizi.

Sasa tutazame kazi ya mwizi. Kufuli ya usukani huvunjika usukani ukipindwa kwa nguvu. Nyaya za swichi huunganishwa bila ufunguo. Wala si lazima aiwashe: watu watatu wanaweza kuiinua na kuitia ndani ya gari. Kwa hiyo anayetegemea ufunguo peke yake hajafunga kitu.

Jambo la kwanza ni mnyororo. Nunua mnene, pamoja na kufuli nzuri. Upitishe katika gurudumu la nyuma na fremu, kisha katika kitu kisichong'oka. Ukifunga gurudumu la mbele tu, mwizi atalifungua kwa spana na kukuachia. Mnyororo usilale chini, maana sakafu humpa mwizi mahali pa kuegemeza mkasi wa chuma na pa kupigia nyundo. Mwombeni mwenye ploti atie pete za chuma ndani ya zege. Akikataa, fungeni pikipiki mbili au tatu pamoja. Moja hubebeka, tatu zilizoshikana ni taabu.

Wako wanaoingiza pikipiki chumbani. Naelewa hofu yao, lakini mvuke wa petroli na jiko havikai pamoja. Tusiokoe pikipiki tukateketeza watoto.

Jambo la pili ni lango. Katika ploti nyingi kila chumba kina ufunguo wake, na mpangaji akihama huenda nao. Baada ya mwaka mmoja hakuna ajuaye ni funguo ngapi ziko nje. Kufuli ya lango ibadilishwe kila mara ufunguo unapopotea au usiporudishwa. Tena kila pikipiki iwe na kibati chenye namba. Mwenye pikipiki akiingia usiku apewe kibati, na asubuhi akirudishe ndipo atoke. Asiye na kibati asifunguliwe, hata akiwa amevaa kofia na koti la kazi na kusema ana haraka. Wezi wengi hutoka langoni kwa sababu wanafanana na sisi.

Jambo la tatu ni askari wa usiku. Ndugu zangu, askari naye ni mfanyakazi. Mara nyingi ni mzee mmoja, hana tochi, hana filimbi, na taa ya uwanja imeungua. Pikipiki ikipotea, mshahara wake ndio unaokatwa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyo mikononi mwa mwajiri, ikiwa imepotea kwa kosa la mfanyakazi la kukusudia. Askari aliyezidiwa na watu wanne hakukusudia kitu. Akikatwa mshahara hivyo, mleteni katika ofisi ya chama. Na sisi wapangaji tuchange taa, tochi na filimbi. Filimbi ikilia, milango ifunguke, watu watoke pamoja. Wakimshika mwizi, wampeleke polisi. Kumchoma mtu ni kuua, na maiti haisemi pikipiki nyingine zimeuzwa wapi.

Jambo la nne ni namba. Andika namba ya usajili, ya chesisi na ya injini, uziweke nyumbani. Karatasi za pikipiki zisikae chini ya kiti chake. Ikiibwa, nenda polisi siku hiyo hiyo, usitoke bila namba ya OB, kisha umjulishe aliyekukopesha na kampuni ya bima. Ikiwa ina kifaa cha kuifuatilia, toa habari upesi, maana mwizi akikipata hukitupa.

La mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Wizi wa gari, na pikipiki imo, ni kifungo cha hadi miaka 7. Lakini mwenye kupokea mali ya wizi akijua, kifungu cha 322 cha Sura ya 63 humpa hadi miaka 14. Tangi la bei ya bure lisilo na risiti limetoka kwa ndugu yako. Tukiacha kununua, mwizi ataiba ampelekee nani?

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali kwamba kila ploti yenye wanachama ichague watu watatu: mmoja wa lango na funguo, mmoja wa mchango, mmoja wa daftari la namba. Watuletee habari katika mkutano ujao, nasi tuulize palipokwama.