Wao wamekwisha kupatana, ninyi bado mmenuniana



Siku chache zilizopita nilikwenda Temeke kuhani msiba. Marehemu alikuwa fundi seremala, jirani yetu wa miaka mingi. Chini ya turubai nilimkuta baba yangu mdogo, mzee wa miaka sabini na ushei, amekaa na daftari la rambirambi, akipokea michango na kuandika majina. Kijana mmoja aliyekuwa kando yangu akaniuliza, "Kaka, hawa wazee walikuwa ndugu?" Nikamjibu, "Hapana. Hawa waliwahi kununiana miaka mitatu kwa ajili ya uchaguzi." Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania, na kisa chenyewe ndicho mazungumzo yetu ya leo.

Mwaka ulikuwa 1995. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa umerudishwa kisheria mwaka 1992, na Oktoba 29, 1995 tulikuwa tunakwenda kwenye uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu Tanganyika na Zanzibar ziungane. Waliogombea urais wa Muungano walikuwa wanne: Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF, na John Cheyo wa UDP, yule ambaye watu walimwita Mapesa.

Mimi nilikuwa kidato cha pili. Kila jioni nilitumwa kununua gazeti, na kwa kuwa taa ya kijiweni ilikuwa hafifu na wazee miwani hawana, mimi ndiye niliyelisoma kwa sauti. Labda hapo ndipo nilipoanzia kazi hii. Nilisoma habari za mikutano ya hadhara: nani kahutubia wapi, umati ulikuwa mkubwa kiasi gani, nani kamrushia nani kijembe. Nilipofika kwenye makala ya uchumi, au kwenye maelezo ya yale yaliyomo katika ilani za vyama, nilisikia sauti zikisema kwa pamoja, "Ruka hapo, kijana. Tupe habari." Nami niliruka.

Baba mdogo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha umma, na alikuwa mtu wa Mkapa. Hoja yake ilikuwa moja: huyu ni mtu msafi, hana kashfa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe amezunguka nchi nzima kumnadi. Fundi alikuwa mtu wa Mrema. Naye hoja yake ilikuwa moja: huyu alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani aliwapa wakubwa siku saba na wakatetemeka, na mnyonge alipokwenda ofisini kwake alisikilizwa. Siku moja fundi alirudi kutoka kwenye mapokezi ambako wafuasi walilisukuma gari la Mrema kwa mikono, ndala moja imekatika, jasho linamtiririka, uso unang'aa kwa furaha. Baba mdogo akamwuliza, "Asiye na petroli ataendesha nchi?" Fundi akajibu, "Na wewe uliyevaa fulana ya kugawiwa, shati lako liko wapi?"

Watu wakacheka. Lakini kicheko cha kijiweni kina mwisho wake. Baba mdogo alikuwa amemwagiza fundi kabati na kulipa nusu ya bei. Usiku ule alikwenda kudai fedha zake. Fundi akamtupia noti barazani mbele ya wake zao na watoto wao. Tangu hapo salamu zikakatika. Kabati likabaki kwenye karakana, halina milango.

Siku ya kupiga kura Dar es Salaam ilikuwa vurugu. Vituo vingine vilicheleweshewa vifaa, na Tume ikafuta uchaguzi wa majimbo yote saba ya jiji na kuurudia Novemba 19. Mkapa akashinda kwa karibu asilimia 62 ya kura, Mrema akapata karibu 28. Baba mdogo alishangilia kwa juma zima. Mwaka 1996 Mrema akashinda uchaguzi mdogo wa ubunge hapo hapo Temeke, ikawa zamu ya fundi kupita mbele ya nyumba yetu akipiga mluzi.

Sasa nakuomba unisikilize vizuri. Mwaka 1998 kile kiwanda cha baba mdogo kiliuzwa, na yeye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Kiinua mgongo alichopewa hakikumaliza hata mwaka.

Je, jambo hilo lilishuka ghafla kutoka mbinguni? Hata kidogo. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma ilikuwa imeundwa tangu miaka ya mwanzo ya tisini, na mashirika yaliyokuwa yakingoja zamu yao yalikaribia 400. Nusu ya hisa za kampuni ya bia ilikwisha kuuzwa kwa Waafrika Kusini mwaka 1993, miaka miwili kabla ya kampeni. Maana yake ni kwamba wazee wa baa ya jirani walibishana juu ya Mkapa na Mrema huku wameshika chupa iliyokwisha kubinafsishwa! Habari zilikuwamo gazetini. Zilikuwa kwenye zile kurasa nilizoambiwa niziruke.

Sisemi kwamba kuuza mashirika kulikuwa kosa tupu. Mengi yalikuwa yakila hasara mwaka hadi mwaka, na Hazina ikiyabeba mgongoni. Wako wanaosema bila hatua ile tusingepumua, na wako wanaosema tuliuza ng'ombe kwa bei ya kuku. Tena serikali hiyo hiyo ya awamu ya tatu ndiyo iliyoondoa ada ya shule za msingi kuanzia Januari 2002, na kodi ya maendeleo mwaka 2003, na nyumbani kwetu hayo yote mawili yalipokewa kwa shukrani. Ninachosema ni hiki: kazi ya baba mdogo, ada ya wadogo zangu na kodi ya kichwa cha fundi vyote vilikuwa mambo ya sera. Hakuna hata kimoja kilichojadiliwa kijiweni. Wanaume wawili wenye akili zao walivunja ujirani kwa kubishana nani msafi na nani shujaa, na hakuna aliyeuliza, "Akishinda mtu wako, kiwanda chetu atakifanya nini?"

Najua utaniambia kwamba mtu naye ni muhimu. Kwamba sera nzuri mikononi mwa mwizi ni karatasi ya kufungia maandazi. Nakubali. Lakini huwezi kumpima fundi kabla hujajua unataka akuchongee nini. Mtu wa kabati si lazima awe mtu wa paa. Na ushabiki wa mtu mtupu haukutofautishi na mshabiki wa Simba au Yanga, ila kwa jambo moja: timu yako ikifungwa Jumapili, bei ya sukari haipandi Jumatatu.

Wala sisi waandishi wa habari tusijifanye malaika. Mwaka 2015 nilikuwa kwenye kampeni na kinasa sauti mkononi. Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa serikali ya CCM, alikuwa amehamia upinzani mwezi Julai na kugombea urais kwa tiketi ya CHADEMA dhidi ya John Magufuli wa CCM. Niliuliza maswali mengi siku zile. Nikiyapitia leo madaftari yangu naona mengi ni ya umati, helikopta na nani kamkimbia nani. Maswali ya fedha zitakazolipia ahadi ni ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Na mimi niliruka hapo, safari hii bila kutumwa na mzee yeyote.

Mwaka ule najua marafiki waliofutana kwenye simu, na mke na mume waliokula kila mtu na sahani yake. Kisha ikawaje? Machi 2019 Lowassa alirudi CCM, akapokewa kwa makofi. Mrema naye alikwisha kuhamia TLP tangu mwaka 1999, na mwaka 2016 Rais Magufuli akamteua kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Parole. Siwalaumu, siasa ndivyo zilivyo, na wote hao sasa wametangulia mbele ya haki. Lakini wewe uliyemnyima jirani yako salamu kwa ajili yao, nani alikwambia kwamba wao wamekwisha kupatana?

Kwa hiyo siku za kampeni zinapofika, bishana. Bishana sana, kwa kuwa mwananchi asiyebishana huamuliwa. Ila mwenzako akikwambia mtu wake ni simba, mwulize mambo matatu: atafanya nini, kwa fedha ipi, na nani ataumia. Kisha ujiulize na wewe hayo hayo juu ya mtu wako. Mkikosa majibu wote wawili, basi hamna sababu ya kugombana. Mna sababu ya kwenda pamoja kwenye mkutano mkaulize.

Hukuniuliza kabati liliishia wapi. Mwaka ule wa 1998, mwezi wa pili baada ya baba mdogo kurudishwa nyumbani, tulisikia mkokoteni unasimama nje. Fundi alikuwa amelimalizia, milango yake yote na vitasa. Baba mdogo akasema hana fedha. Fundi akajibu, "Nani kakuuliza fedha? Nitafutie kibarua wa kunipigia randa, wewe mwenyewe ukitaka." Kesho yake baba mdogo alikwenda karakana, na akafanya kazi pale hadi mikono ilipochoka.

Gazeti la jioni waliendelea kunitaka niwasomee kila nilipokuwa nyumbani likizo. Lakini nilipofika kwenye kurasa za uchumi nikataka kugeuza, baba mdogo aliinua mkono na kusema, "Usiruke hapo."