Hawala: Tumzuie Mhalifu, Tusimzuie Mama



Wewe unayefuturu leo, huenda una nyanya Kismayu anayengojea senti zako ili naye afuturu. Je, serikali ina haki ya kuziba njia hiyo?

Tuseme ukweli. Serikali ina wajibu wa kulinda watu. Garissa, Aprili 2015, waliuawa 148, wengi wao wanafunzi. Ile ni dhulma, haina utetezi. Lakini kisha leseni za hawala 13 zikasimamishwa hadi Juni. Aliyeumia nani? Ni yule nyanya asiye na benki.

Marekani nayo iliifunga Al-Barakaat Novemba 2001. Mwaka 2008 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamua kuwa tawi lake la Uswidi lilizuiliwa mali bila kupewa nafasi ya kujitetea. Miaka karibu saba!

Mwenye kosa ashikwe kwa ushahidi. Dhambi ya mtu haibebwi na jirani yake.

Nasi tutimize wajibu: tumia hawala yenye leseni, toa kitambulisho, weka risiti. Kuunga udugu ni ibada. Tusimpe mhalifu pa kujificha.

Wabillahi tawfiq.