Furushi na Swali: Mpiga Kura wa Kati na Sera Zinazotugawa

Mhadhara wa umma uliotolewa Makangale, Wilaya ya Micheweni, Pemba

 

Nilipotakiwa nichague pahala pa kuzungumzia maudhui haya, wenzangu walidhani nitasema Mjini, au angalau Chake. Nikasema Makangale. Wakacheka. Nani anakwenda Kaskazini Pemba kumtafuta mpiga kura wa kati? Ni sawa na kwenda kutafuta mkarafuu Makunduchi, kwenye mawe matupu. Huku, waliniambia, kura inajulikana kabla ya sanduku kufunguliwa.

Kura inajulikana, hilo kweli. Mimi nimekuja kuuliza kama na mtu anajulikana.

Nitakuelezeni mzee mmoja. Kwa hakika ni watu kadhaa niliokaa nao barazani kwa miaka mingi, nimewafanya mmoja ili nisimtie mtu mashakani. Mzee huyu ana mikarafuu michache aliyorithi, ana mtoto mwenye duka Kariakoo, na ana mjukuu anayefanya kazi hotelini. Ukimuuliza chama chake atakujibu bila kusita. Ukimuuliza sera, moja baada ya moja, unasikia mtu mwingine kabisa.

Tuanze na karafuu, maana karafuu ndiyo siasa yetu ya kwanza. Kimbunga cha 1872 kiliivunja mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo mzigo wa zao hili umekuwa begani mwetu. Sheria inasema mnunuzi ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, na mwenye kuvusha gunia kwa dau usiku kwenda Shimoni, Kenya, ametenda kosa. Mwaka 2011 Serikali iliipandisha bei mpaka shilingi 15,000 kwa kilo, ikaahidi kwamba mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Chama tawala kinasema mpango huu ndio ngao ya mkulima. Upinzani umekuwa ukitaka soko lifunguliwe.

Mzee wangu anasema nini? Anasema bei ya Serikali iwepo na isishuke, kwa sababu anakumbuka miaka ambayo gharama ya kuchuma na kuchambua makonyo ilikuwa inakaribia kumla mwenye shamba. Anasema pia kwamba mnunuzi wa pili aruhusiwe kuja na mizani yake, atakayetoa zaidi apewe. Nikamwambia, "Mzee, hapo umechukua nusu ya hawa na nusu ya wale." Akanijibu, "Mimi sikuchukua kwa mtu. Karafuu zangu."

Jibu lile limenisumbua zaidi ya vitabu vingi nilivyosoma.

Kwenye ardhi ni hivyo hivyo. Tangu 1965 ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali, mkulima ana miti na haki ya kutumia. Mwekezaji akija, hesabu ya fidia huanzia kwenye minazi. Mzee hataki hoteli zifukuzwe, mjukuu wake anakula hapo. Lakini anataka njia ya kwenda pwani ibaki njia na diko libaki diko, na hati isitiwe saini mpaka shehia nzima imesikia masharti yake. Je, huo ni msimamo wa mrengo gani? Mimi nimefundisha siasa na sijui niuweke wapi.

Muungano je? Mambo ya Muungano yalikuwa 11 katika Hati za 1964, sasa orodha ina 22. Kwa upande mmoja kuna serikali mbili kama zilivyo, kwa mwingine muungano wa mkataba, na katikati serikali tatu zilizopendekezwa na Tume ya Katiba ya Jaji Warioba. Tume ile iliwasikiliza Wazanzibari, na katika waliozungumzia muundo, karibu 60 kwa 100 walitaka mkataba. Mzee wangu, akiwa na mtoto Kariakoo, hataki hata kusikia neno kuvunja. Wakati huo huo hafahamu kwa nini mzigo uliolipiwa ushuru Unguja utozwe tena ukifika Dar es Salaam. Anataka nyumba moja yenye vyumba vinavyofungika. Watu wa aina hii nimesikia wakiitwa popo, si ndege si mnyama. Wengine huwaita vuguvugu, au ndumilakuwili, na hilo la mwisho ni uonevu, kwa sababu ndumilakuwili hubadili maneno kufuata aliyemkabili, na mzee huyu anayasema yale yale kwa kila mtu.

Hapa lazima niweke wazi ninachokusudia. Tunadhani mpiga kura wa kati ni mtu asiye na rai, au mwenye rai baridi. Sivyo. Wengi wao wana rai kali kuliko za wanachama. Tofauti ni kwamba rai zao hazikufungwa pamoja. Chama ni furushi: ukitaka khanga iliyo ndani unabebeshwa na sufuria na jembe la mwenzio. Mtu wa kati anataka khanga tu, na siku ya kupiga kura hauziwi khanga.

Wala si maradhi yetu peke yetu. Marekani, ambako vyama viwili vikubwa vimegawana karibu kila jambo, kuanzia bunduki na uhamiaji mpaka kodi na utoaji mimba, angalieni kilichotokea jimbo la Florida Novemba 2020. Siku moja, sanduku moja. Zaidi ya nusu walimchagua Donald Trump. Na karibu 61 kwa 100 walikubali kima cha chini cha mshahara kipandishwe hatua kwa hatua mpaka dola 15 kwa saa, jambo lililokuwa kwenye ilani ya wapinzani wake, Democrats. Jimbo la Kansas halijampa Mdemocrat kura ya urais tangu 1964, lakini Agosti 2022 lilipoulizwa kama katiba yake iondolewe ulinzi wa haki ya kutoa mimba, takriban 59 kwa 100 walisema hapana. Juu ya suala lenyewe msimamo wangu mnaujua, na sikuja hapa kulijadili. Nazungumzia hesabu. Watu wale wale, wakiulizwa chama wanajibu hivi, wakiulizwa swali wanajibu vile.

Turudi nyumbani.

Historia yetu haikumwachia mtu wa kati nafasi ya kupumua. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Moja! Uchaguzi ukaishia sare, ukarudiwa Juni, na damu ikamwagika Unguja. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 49.8. CUF ikachukua viti vyote 21 vya Pemba, CCM ikachukua 26 kati ya 29 vya Unguja. Nchi ikigawika sawasawa namna ile, mtu anayesitasita huonekana hatari kuliko adui, kwa sababu adui amekwisha hesabiwa. Miaka iliyofuata mnaijua kuliko mimi. Watu waliacha kununua dukani kwa jirani kwa sababu ya kadi yake, waliacha kuzikana. Januari 2001 wakafa watu kwa risasi, na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni.

Na mfumo wetu wa jimbo moja mshindi mmoja ulimfuta kabisa mtu wa kati. Aliyekuwa na rai mchanganyiko Pemba, na aliyekuwa na rai mchanganyiko Unguja, wote walihesabiwa ndani ya rangi ya kisiwa.

Ushahidi kwamba furushi hubebwa bila kufunguliwa ni Machi 2019. Maalim Seif alipotoka CUF kwenda ACT-Wazalendo, kauli ilikuwa "shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee". Matawi yalibadili rangi kwa siku chache tu. Mimi sisemi walikosea, mtu ana haki ya kumfuata nahodha anayemwamini. Nasema tu kwamba sikumsikia mtu akiuliza kama chama kipya kina sera ile ile ya karafuu. Chama kilikuwa kingine, kilichobaki ni nahodha.

Sasa nakuja kwenye siku ambayo, kwa rai yangu, ndiyo siku bora ya siasa zetu tangu vyama vingi virudi. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, wawili, bila msuluhishi wa Jumuiya ya Madola wala wa popote. Muafaka wa 1999 na ule wa 2001 ilikuwa imetiwa saini baina ya vyama, na yote miwili iliwashinda wenyewe. Safari hii walifanya jambo la tatu: waliwarudishia wananchi. Tarehe 31 Julai 2010 Mzanzibari aliingia kituoni akapewa karatasi isiyo na picha ya mgombea. Swali moja, majibu mawili. Waliokubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa walikuwa 66.4 kwa 100, waliokataa 33.6.

Tafakarini namba hiyo. Miezi mitatu baadaye Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Yaani tukiulizwa nani, tumepasuka katikati. Tukiulizwa jambo, theluthi mbili tuko upande mmoja. Hawa theluthi mbili walitoka wapi, ikiwa hakuna mpiga kura wa kati visiwani? Wamo wanachama wa CCM humo. Wamo watu waliokuwa hawawaziki hata ndugu zao. Swali liliwatoa ndani ya rangi zao kwa siku moja.

Mtaniambia viongozi wote wawili walikuwa wanasema Ndiyo, kwa hiyo watu walifuata tu. Hoja hii ina uzito, na sitaikwepa. Lakini waliosema Hapana nao walikuwa theluthi, pamoja na kwamba wakubwa walikuwa wanasema vingine. Kama ingekuwa ni kufuata tu, theluthi ile isingekuwepo. Nayo pia ni rai iliyotoka nje ya furushi, ingawa mimi sikukubaliana nayo.

Umoja wenyewe una kasoro. Ni mapatano ya mafurushi mawili. Kati ya 2010 na 2015 vyama vyote viwili vikubwa vilikuwa serikalini, na Baraza la Wawakilishi likakosa wa kuuliza kwa ukali. Oktoba 2015 uchaguzi ukafutwa na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha. Ule wa marudio wa Machi 2016 CUF ikaususia, Dk. Shein akapata asilimia 91.4, na nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais ikakaa tupu mpaka Disemba 2020. Mapatano ya wakubwa yakivunjika, mwananchi aliyeyaidhinisha kwa kura yake haulizwi.

Jirani hapa Konde mliona jingine. Julai 2021 mgombea wa CCM alitangazwa mshindi wa ubunge, Agosti akajiuzulu kwa sababu alizozieleza mwenyewe, na Oktoba uchaguzi ukarudiwa, ACT wakashinda. Watu wakaitwa vituoni mara mbili ndani ya miezi mitatu kuchagua mtu. Kuhusu diko, karafuu na hati za ardhi, hata mara moja.

Niruhusuni niende pembeni kidogo, kwa popo. Popo wa Pemba, yule mkubwa tunayemwona jioni juu ya msitu wa Ngezi, hayupo pengine popote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kwisha. Vijiji vikaunda vikundi vya kumlinda, na ilipofika 2007 hesabu ilikuwa inakaribia 20,000. Kazi hiyo ilifanyika miaka ile ile ambayo watu walikuwa hawazikani. Walikaa kikao kimoja kwa sababu waliitwa kwa jambo moja, na hakuna aliyeulizwa kadi. Kwa hiyo anayeitwa popo kwa matusi asione haya sana.

Nikirudi kwenye kuulizwa swali, hofu yangu ni moja. Kura ya maoni inaweza kuwa mtego, kwani anayeandika swali ana nusu ya jibu mkononi. Swali la Ndiyo au Hapana haliwezi kubeba rai ya mzee wangu juu ya karafuu, yenye mguu huku na mguu kule. Kwa mambo ya namna hiyo mkutano wa shehia wenye kumbukumbu zilizoandikwa ni bora kuliko sanduku. Lakini kwa muundo wa Muungano sioni njia nyingine ya halali. Mwaka 2014 Bunge Maalum lilipitisha Katiba Inayopendekezwa baada ya kuziacha serikali tatu za Tume ya Warioba. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alizipigia baadhi ya ibara kura ya hapana, na akaondolewa kwenye wadhifa wake. Wananchi waliahidiwa kuamua wenyewe kwa kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa.

Wawakilishi wetu mliopo hapa, Ibara ya 80A ya Katiba ya Zanzibar mliitunga nyinyi, na inataka wananchi waulizwe kabla misingi haijaguswa. Msiifanye pambo. Wekeni utaratibu ambao shehia kama hii inaweza kudai iulizwe juu ya ardhi yake kwa maandishi, na ijibiwe kwa maandishi. Na nyinyi wazee, mtoto akikwambieni yuko na hawa kwa karafuu na wale kwa Muungano, msimwite vuguvugu.

Karatasi ile ya 31 Julai 2010 haikuwa na rangi ya chama chochote. Tangu siku ile, hatujapewa nyingine.