Kete, Simu na Askari Mstaafu



Nimeombwa nizungumzie msongo wa mawazo kwa askari waliostaafu, nami nimeamua kuzungumzia mchezo. Naona wapo walioanza kukunja uso. Kwetu mtu mzima anayecheza gemu kwenye simu huonekana hana kazi, na mstaafu anayeshinda barazani kwenye bao huambiwa anapoteza muda. Leo nakuja kumtetea.

Askari ninaowazungumzia ni wa vizazi viwili. Wapo waliovuka mto Kagera wakaingia Uganda, hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hao sasa ni babu zetu. Wapo pia waliovaa kofia za bluu. Julai 2013 walinda amani 7 wa Tanzania waliuawa Darfur, na Desemba 2017, kule Semuliki mashariki mwa Kongo, tukapoteza wengine zaidi ya 10 katika shambulio moja. Waliokufa tuliwaaga kwa heshima zote. Waliorudi wazima tuliwauliza pesa za misheni wamejengea wapi.

Kwa nini basi mchezo? Mwaka 2009, huko Oxford, mwanasaikolojia Emily Holmes na wenzake waliwaonyesha watu filamu ya matukio ya kutisha. Baada ya nusu saa, baadhi yao walicheza Tetris, lile gemu la kupanga vipande vinavyoshuka, kwa dakika 10 tu. Katika wiki iliyofuata picha za filamu ziliwarudia mara chache kuliko zilivyowarudia wale waliokaa bila kucheza. Mwaka uliofuata walijaribu na chemsha bongo ya maswali na majibu. Haikusaidia, tena kwa waliopewa baada ya nusu saa, picha ziliongezeka. Maelezo yao ni kwamba kumbukumbu ya kutisha hukaa kama picha, na Tetris huikalia nafasi ileile ya akili inayoshughulika na picha. Maneno hayaikalii. Baadaye madaktari wa Berlin waliwapa Tetris askari wa Ujerumani waliougua kiwewe cha vita, saa moja kila siku, sambamba na tiba yao ya kawaida. Zingatieni hilo: sambamba na tiba, si badala yake.

Sasa tutazame bao la kete. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akizinamua, yaani kuziingiza ubaoni, moja moja. Kabla ya kugusa shimo lazima aone kwa macho ya akili kete zitazunguka wapi, ya mwisho itadondokea wapi, na kama kwa mpinzani kuna cha kula, aendelee, au atalala, yaani zamu yake iishe. Mwenye kazi hiyo kichwani hana nafasi ya kutazama picha za vita. Sijaona mtu aliyempima mkongwe wa Kagera akiwa kwenye bao, na ningefurahi mwanafunzi mmoja humu aifanye kazi hiyo. Lakini nikiulizwa kati ya bao na gazeti lenye habari za vita, kwa mzee asiyelala usiku, nitamshauri bao.

Lakini si kila mchezo unafaa. Gemu za kufyatua risasi, ambazo vijana huzipenda kwenye vibanda vya PlayStation, nisingempa mtu aliyetoka vitani mwezi uliopita.

Kuna la mwisho, na ni gumu. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe ipo hapahapa Dodoma tangu mwaka 1927, na jina lake tumeligeuza tusi. Mzee anayeruka kitandani bodaboda inapopiga mlio hatakwenda huko akaitwa kichaa na wajukuu. Barazani anakwenda kila siku. Basi muuguzi wa afya ya akili ajifunze bao, aje barazani, akae upande wa pili wa ubao, afungwe michezo kadhaa, ndipo aulize habari za usingizi.