Sumaku Ndani ya Soketi ya Mtandao: Sababu Zake na Wajibu wa Fundi



Katika vifaa tunavyovishika kila siku, ni vichache vinavyodharauliwa kama soketi ya ethaneti, kile kidude chenye meno manane kinachopokea plagi ya waya wa mtandao. Na kwa kuwa ni kidogo na bei yake si ghali, wengi hukidhania kuwa ni tundu tupu la kuunganishia nyaya. Mada yangu yakusudia kubainisha kwamba soketi nyingi zimechukua transfoma ndani yake, na kwamba transfoma hizo ni mpaka baina ya umeme wa mashine moja na umeme wa mashine nyingine, mpaka ambao fundi hana idhini ya kuuondoa.

Ukibandua kasha la bati la soketi ya namna hiyo, utaona nyuma ya meno yake vipete vya feraiti vyenye upana wa milimita chache tu, vimezungushiwa nyaya nyembamba mno zilizopakwa dawa ya kuhami, kila jozi ya nyaya na kipete chake. Asili ya maarifa hayo ni ya zamani: mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alizungushia koili mbili katika pete moja ya chuma, akadhihirisha kuwa mkondo unaobadilika katika koili ya kwanza huzaa umeme katika koili ya pili, ijapokuwa hazikugusana. Hivyo ndivyo ishara ivukavyo soketi: habari hupita, waya haupiti.

Sababu ya kwanza ya kuwekwa transfoma ni usalama. Waya wa mtandao huruhusiwa kufika mita 100, na katika urefu huo mashine zilizo katika ncha zake mbili yamkini zikawa zimefungwa kwenye ardhi mbalimbali, ambazo volti zake si lazima zilingane. Na radi ipigapo, jambo ambalo wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wanalijua vyema, tofauti hiyo hupanda ghafla. Lau nyaya zingeunganishwa moja kwa moja na chipu, mkondo ungekimbia kutoka ardhi moja kwenda nyingine kwa njia ya mashine zetu, ukaziunguza na pengine kumdhuru aliyezishika. Ndiyo maana kanuni ya IEEE 802.3 yataka kizuizi hicho kiweze kustahimili volti 1,500 za mkondo geu kwa muda wa sekunde 60.

Sababu ya pili ni kuichuja ishara. Habari husafiri kama tofauti ya volti baina ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, ilhali kelele za mota na taa huziingia nyaya hizo zote mbili kwa kadiri karibu sawa. Transfoma hupitisha ile tofauti na kulikataa lile lililo sawa pande zote, ikisaidiwa na koili ya kuzuia kelele pamoja na rezista za omu 75 zinazoelekezwa kwenye kasha la mashine kupitia kapasita. Kadhalika, koili hizo huzuia kelele za mashine yenyewe zisitoke nje na kuusumbua upokeaji wa redio za jirani.

Fauka ya hayo, transfoma huwezesha chipu za watengenezaji mbalimbali, kila moja na volti yake, kusemezana bila kudhuriana. Lakini kwa kuwa mkondo mnyoofu haupiti, sharti ishara iwe yenye kugeukageuka daima. Katika ethaneti ya nyaya zilizosokotwa ya mwaka 1990, kila biti hulazimishwa kugeuka katikati yake. Na tangu mwaka 2003, ilipokubaliwa kanuni ya kupeleka umeme wa vifaa katika waya uleule wa mtandao, mkondo huingia katikati ya koili ukagawanyika nusu kwa nusu, kila nusu ikashika upande wake, hata sumaku ya nusu moja ikaifuta sumaku ya nusu ya pili, na feraiti isishibe.

Kuziweka transfoma ndani ya soketi, badala ya kando yake, kumepunguza nafasi katika bodi, kumefupisha njia ya ishara, na kumezipatia koili hifadhi ya bati. Taksiri yake ni kuwa koili zikiungua, soketi nzima hubadilishwa. Na sokoni zipo soketi zifananazo nazo kwa sura ambazo ndani hazina kitu, zilizokusudiwa bodi zenye transfoma yake pembeni.

Basi, mafundi wenzangu, nawasihi mambo matatu. Mosi, kabla ya kulehemu soketi mpya, ipimeni kwa mita ingali mkononi: baina ya jino la kwanza na la pili, upande wa plagi, yenye transfoma huonyesha omu zinazokaribia sifuri, na isiyo nayo haionyeshi njia yoyote. Pili, someni karatasi ya mtengenezaji, kwa maana mpangilio wa miguu hutofautiana. Tatu, msiitegemee transfoma mbele ya radi ya karibu; baina ya jengo na jengo tandikeni faiba, ambayo haipitishi umeme. Soketi ambayo fundi hajui ndani yake mna nini, asiilehemu katika mashine ya mtu.